Daktari Trowell: Mwalimu Aliyefundishwa na Watoto

Wasomaji wapenzi, katika gazeti letu mmekwisha kusoma habari za wafalme, wapelelezi na majemadari. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakupigana vita wala hakuvumbua ziwa. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya vitanda vya watoto wadogo na kuwauliza mama zao walikuwa wakiwalisha nini. Mtu huyo ni daktari Mwingereza, Hugh Carey Trowell, aliyezaliwa mwaka 1904 na kufariki mwaka 1989. Karibu miaka 30 ya maisha yake aliitumia Kenya na Uganda, na sisi tulio hapa mpakani twaweza kusema kwamba alikuwa mgeni wa nyumba zetu zote mbili.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Baba yangu ni mtu wa Busia upande wa Kenya, na kwao mama yangu ni Tororo. Mpaka huu uliwekwa na Waingereza mwaka 1902, walipoukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Lakini chungu hakijui mpaka. Kwa shangazi zangu Busia nilikula ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, pamoja na omena. Kwa wajomba zangu Tororo nilikula ugali wa wimbi, tena samaki wale wale wadogo, ila huko waliitwa mukene. Ugali wa mahindi wa Busia ulipofika Tororo uliitwa posho, nao ulikuwa ule ule.

Tena pande zote mbili niliona desturi moja. Mama akipata mimba nyingine, mtoto aliye mgongoni huondolewa ziwani, mara nyingi ghafula. Kesho yake huketishwa na wenzake kuzunguka sahani, na hupewa tonge la ugali lililochovywa katika mchuzi, au kikombe cha chai isiyo na maziwa. Watu wazima wanamwona amekuwa mkubwa. Maisha ya Trowell yote yalizunguka jambo hilo moja, yaani safari ya mtoto kutoka chakula kimoja kwenda kingine, na hatari zilizomo njiani.

Trowell alisomea udaktari katika hospitali ya St Thomas's mjini London. Mwaka 1929 aliingia katika kazi ya serikali ya kikoloni, akaja Kenya pamoja na mkewe Margaret, aliyekuwa msanii. Walikaa kwanza katika nchi ya Wakamba, Machakos. Mume akatibu wagonjwa, na mke akatazama jinsi Wakamba walivyosuka vyondo na kuchonga mbao. Baadaye Trowell alifanya kazi Nairobi, akiwafundisha vijana wa Kiafrika kazi za hospitali. Kufundisha kulimpendeza kuliko vyeo, na tabia hiyo haikumtoka mpaka mwisho.

Katika hospitali hizo za Kenya aliona ugonjwa ambao hakufundishwa London. Watoto wa umri wa mwaka mmoja hata mitatu waliletwa wakiwa wamevimba miguu na uso, hata mtu asiyejua angedhani wamenenepa. Nywele zao zilikuwa zimepoteza weusi na kuwa nyekundu au kijivujivu, laini tena, zikang'oka kwa urahisi. Ngozi ilibabuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Zaidi ya yote walikuwa na huzuni. Mtoto hakucheka, hakucheza, na chakula alikikataa. Mama walisema kwamba walikuwa wakiwalisha watoto hao, nao walisema kweli. Wengi wao walikufa, na madaktari hawakujua wameshindwa na nini.

Wakati huo huo, mbali sana na hapa, mwanamke mmoja alikuwa akitazama watoto wa namna ile ile. Huyu ni Dr. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo inaitwa Ghana. Mwaka 1933 aliandika kwamba ugonjwa huu huwapata watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi tu. Mwaka 1935 aliuita kwa jina alilolipata kwa wenyeji wa lugha ya Kiga, kwashiorkor, maana yake maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayezaliwa. Sisi siku hizi twauita kwashakoo. Tazameni, wasomaji, kwamba akina mama wa Ghana walikuwa wameona sababu kabla ya madaktari. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, walilompa mtoto anayedhoofika mama yake anapochukua mimba nyingine.

Hapa sasa ndipo habari ya Trowell inapokuwa na faida kwetu, kwa maana yeye hakukubaliana na Dr. Williams. Mabingwa wa London walikuwa wamesema kwamba huu si ugonjwa mpya bali ni pelagra, ugonjwa wa watu wanaoishi kwa mahindi matupu, unaoharibu ngozi, tumbo na hata akili. Trowell alifuata maneno yao. Mwaka 1937 aliandika katika gazeti la madaktari habari za pelagra kwa watoto wa Kiafrika. Alikuwa kijana msomi, amewaona wagonjwa kwa macho yake, na jina alilolitumia lilikuwa la watu wakubwa. Jina hilo lilikuwa si sawa.

Kabla ya hapo, mwaka 1935, alikuwa amehamishiwa Uganda, katika hospitali ya Mulago, Kampala, penye shule ya udaktari ya Makerere. Kwa miaka mingi shule hiyo ilikuwa peke yake katika Afrika Mashariki. Vijana wa Kenya waliotaka kuwa madaktari walipanda gari la moshi, wakavuka mpaka na kupita Tororo chini ya lile jabali letu kubwa, kwa kuwa tangu mwaka 1931 reli ilikuwa imefika Kampala. Bila shaka wengine wao walitoka vijiji hivi hivi tunavyovijua. Trowell aliwafundisha udaktari wa ndani, na alitaka mno masomo yao yakubaliwe kuwa sawa na ya Ulaya.

Mulago aliwaona watoto wale wale aliowaacha Kenya, ingawa chakula chao kilikuwa si mahindi bali ndizi, matoke. Jambo hilo peke yake lilitosha kumtia mtu mashaka juu ya pelagra. Kisha ukaja mtihani ulio wazi. Mwaka 1937 wataalamu wa Marekani waligundua kwamba pelagra huponywa kwa vitamini moja iitwayo niasini. Kama watoto hawa walikuwa na pelagra, basi dawa imepatikana. Watoto wakapewa dawa, na hawakupona.

Daktari mwingine angeweza kusema kwamba dawa ilikuwa kidogo, au imechelewa, au mama wamewarudisha nyumbani mapema. Trowell aliwatazama watoto, akakubali kwamba wao ndio waliokuwa na haki. Aliacha neno la pelagra. Mwaka 1945 aliandika pamoja na daktari Mganda, E. M. K. Muwazi, kwamba huu ni ugonjwa wa namna yake, utapiamlo mkali wenye kuua. Baadaye alilikubali lile jina la Dr. Williams alilolikataa zamani, akalitia juu ya jalada la kitabu chake mwenyewe.

Kazi haikuwa ya mtu mmoja. Mulago palikuwa na J. N. P. Davies, aliyechunguza miili ya watoto waliokufa na kuonyesha kwamba kongosho lao lilikuwa limenyauka. Kongosho ndilo linalotoa maji ya kusagia chakula tumboni, kwa hiyo mtoto kama huyo hata akipewa nyama hana cha kuisagia. Alikuwapo pia Rex Dean, aliyekuwa amewalisha watoto wa Ujerumani baada ya vita kwa vyakula vya mimea, na sasa akatafuta namna ya kuwalisha watoto wa Uganda. Mwaka 1954 watu hawa watatu, Trowell, Davies na Dean, walitoa kitabu kikubwa kiitwacho Kwashiorkor.

Walijifunza nini? Kwanza, kwamba tumbo la mtoto likijaa si lazima awe amekula. Katika gramu 100 za muhogo mbichi hamna zaidi ya gramu moja na nusu hivi za protini, na matoke ni karibu vivyo hivyo. Katika gramu 100 za njugu zimo kama 25, na katika maharagwe makavu ni zaidi ya 20. Mtu mzima anaweza kula mlima wa ugali akapata haja yake. Mtoto wa miezi 18 tumbo lake ni dogo kama ngumi mbili. Likijaa muhogo halina nafasi ya kitu kingine. Pili, kwamba maziwa huokoa. Watoto waliopewa maziwa yaliyoondolewa mafuta walianza kupungua uvimbe, na dalili ya furaha kubwa kwa wauguzi ilikuwa siku mtoto alipocheka.

Tatu, na hili ndilo naomba mlishike, mtoto aliyedhoofika habadilishwi chakula kwa ghafula hata kama chakula kipya ni kizuri. Ukimjaza maziwa na nyama siku ya kwanza waweza kumwua. Hupewa kidogo kidogo, mara nyingi, mchana na usiku, kisha huongezwa siku kwa siku. Jambo hilo linafuatwa hata leo katika hospitali za Kenya na Uganda. Mtoto wa namna hiyo huanza na maziwa mepesi yaitwayo F-75, na akiisha kupata nguvu huhamishiwa maziwa mazito zaidi ya F-100, au kile kibandiko cha njugu, maziwa ya unga, sukari na mafuta kinachotolewa katika pakiti ndogo. Nimemwona mtoto wa jirani yetu akirudi nyumbani na pakiti hizo. Alikuwa ameondoka amebebwa kama mzigo, akarudi anatembea na kumfukuza kuku.

Lakini wasomaji wasidhani kwamba habari iliishia hapo kwa ushindi. Maziwa yaliyoponya hospitalini yalizaa taabu nyumbani. Mama wengi wa Uganda waliona watoto wakifufuka kwa maziwa ya unga, wakafikiri maziwa hayo ni dawa, wakanunua mikebe na chupa. Maziwa yalikuwa ghali, basi yakatiwa maji mengi. Maji yalikuwa machafu, basi mtoto akaharisha. Mwaka 1965, Trowell akiwa amekwisha kuondoka, ilianzishwa pale Mulago nyumba ya mafunzo iitwayo Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye afya. Huko mama hakupewa mkebe. Alipikishwa kitobero, yaani mchanganyiko wa chakula cha shambani mwake: ndizi, maharagwe au njugu zilizotwangwa, mboga za majani, na samaki au yai akiwa nalo, vyote vikafungwa katika jani la mgomba na kuivishwa juu ya matoke ya watu wazima. Mama alimpika mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe, akamwona akipona, na aliporudi kijijini aliwafundisha wenzake.

Elimu nayo iliendelea. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika kwamba ulimwengu umeitazama protini peke yake kupita kiasi, na kwamba watoto wengi hukosa chakula chenye nguvu kwa jumla. Leo wataalamu wanakubali kwamba kwashakoo haitokani na upungufu wa protini peke yake. Magonjwa ya kuharisha, upungufu wa vitamini na madini, na umaskini wa nyumba vyote vina sehemu. Hilo halimpunguzii Trowell heshima, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha jinsi ya kuacha jibu la jana linapotokea jibu lililo bora.

Sasa nitasimulia nusu ya pili ya maisha yake, ambayo wengi hawaiijui. Katika miaka yake yote Afrika Mashariki, Trowell aliona si magonjwa yaliyokuwapo tu bali pia yale yasiyokuwapo. Watu wazima wa vijijini hawakuwa wanene. Ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa, uliokuwa ukiwaua Wazungu wengi, ulikuwa adimu sana kwao, hata mwaka 1956 yeye na mwenzake waliona inafaa kuandika habari za mgonjwa mmoja Mwafrika aliyeupata. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, na humo aliorodhesha maradhi mengi ya Ulaya ambayo hapa yalionekana kwa nadra.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alirudi Uingereza, akapewa daraja la ukasisi katika Kanisa la Kianglikana, akawatunza watu wa mtaa wake karibu na mji wa Salisbury. Wengi wangestarehe hapo. Lakini alipokuwa akikaribia umri wa miaka 70 alikutana tena na rafiki wa Uganda, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyepata sifa kwa kuchunguza uvimbe wa taya za watoto wa Kiafrika. Wawili hao walirudia swali la zamani: kwa nini watu wa vijijini Afrika hawakupata maradhi yale? Wakajibu kwamba sehemu ya sababu ni nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka isiyokobolewa, maharagwe, mboga na matunda, ambazo Ulaya zilikuwa zikitupwa pamoja na pumba. Mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1981 kingine juu ya magonjwa ya nchi za Magharibi. Mtu aliyeanza kwa kuwahurumia watoto waliokosa, alimaliza kwa kuwaonya watu wazima waliozidisha.

Ndugu zangu, nusu hizi mbili za maisha yake zatupa jibu la mjadala uliozuka kati yetu. Katika mkutano mmoja wa wanafunzi wa zamani, baadhi ya wenzetu wenye watoto walisema kwamba wamesikia juu ya watu wanaoacha jiko kabisa, wakala matunda, mboga na mbegu zisizopikwa, na kwamba nao wanataka kuwahamisha watoto wao katika chakula kibichi. Walisema samaki mkunje angali mbichi. Wengine walicheka, wakasema hayo ni mambo ya sungura. Mimi sikucheka, kwa kuwa wenzetu wale waliona jambo la kweli. Watoto wa Busia na Tororo siku hizi hunyweshwa soda, hula mandazi na unga mweupe uliokobolewa, na kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika nyumba zetu. Katika hilo Trowell yuko upande wao.

Lakini Trowell yule yule wa Mulago angewauliza mambo matatu. La kwanza ni tumbo la mtoto. Chakula kibichi kina maji mengi na nyuzinyuzi nyingi. Kinajaza upesi na kutoa nguvu kidogo, na kwa mtu mzima mnene hiyo ni faida, bali kwa mtoto wa miaka miwili ni ile ile hatari ya muhogo kwa njia nyingine. Mtoto aweza kushiba papai na kabichi akabaki na njaa mwilini. Tena vitamini B12, ambayo damu na mishipa ya fahamu vyahitaji, haipatikani katika mimea. Mtoto asiyepata maziwa, mayai, samaki wala nyama ataikosa.

La pili ni sumu na uchafu. Sisi ni watu wa muhogo, na bibi zetu walijua zamani kwamba muhogo mchungu haufai kutafunwa mbichi, kwa sababu una sumu ya sianidi; ndiyo maana huloweka, huvundika, hukausha na kupika. Maharagwe mabichi huumiza tumbo vibaya. Maziwa yasiyochemshwa huleta homa ya maziwa na kifua kikuu. Mboga zilizooshwa kwa maji ya kijito huleta minyoo na kipindupindu. Asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Njugu nzima zaweza kumkaba mtoto, na zenye ukungu zina sumu ya kuharibu ini. Moto wa jiko si adui wa mtoto. Kwa vyakula hivi vingi ndio mlinzi wake.

La tatu ni mwendo. Mtoto ahamishwe polepole. Miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yamtosha. Baada ya hapo yaendelee, hata miaka miwili na zaidi, huku chakula kingine kikiongezwa kidogo kidogo. Uji uwe mzito, si maji meupe, nao utiwe njugu zilizosagwa laini au omena waliosagwa. Kwa vibichi, wala hatuna haja ya kutafuta mbali: ndizi mbivu, papai, embe na parachichi vinapatikana sokoni Busia kwa bei ambayo watu wa Ulaya wangetuonea wivu. Vioshwe kwa maji safi, vimenywe, vipondwe, apewe baada ya uji na si mahali pa uji. Kipya kiwe kimoja kwa wakati mmoja, ili kikimdhuru kijulikane. Akikikataa asilazimishwe wala kupigwa. Apewe tena kesho na keshokutwa, kwa kuwa mara nyingi mtoto hukionja chakula mara nane au kumi kabla ya kukipenda. Na aliye mkubwa zaidi, ukitaka aache soda, basi wewe mzazi uache kwanza, maana mtoto hula kile anachokiona kikiliwa.

Kabla sijaweka kalamu, nisimsahau Bibi Margaret. Mumewe alipokuwa wodini, yeye alianza kuwafundisha vijana uchoraji na uchongaji nyumbani kwao, na kutokana na hayo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere ambayo imebeba jina lake. Mmoja wa wanafunzi wake wa kwanza alikuwa Gregory Maloba kutoka Kenya, ambaye mkono wake ulitengeneza sanamu ya Uhuru wa Uganda iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962. Mtu na mkewe, mmoja akitazama wagonjwa na mwingine akitazama mikono ya mafundi, walikuwa na tabia moja: waliona kwamba watu waliowakuta hapa walikuwa na kitu cha kuwafundisha.

Nanyi wanafunzi mlio darasani sasa, baadhi yenu mtakuwa madaktari na wauguzi, na karibu wote mtakuwa wazazi. Mtasikia mafundisho mengi juu ya chakula, mengine ya zamani na mengine mapya, na kila mwenye fundisho atakuwa na hakika nalo. Msiyakatae kwa sababu ni mageni, wala msiyameze kwa sababu yametoka kwa wakubwa. Mpimeni mtoto uzito kila mwezi zahanati. Tazameni kama mstari wa kadi yake unapanda, kama nywele zake ni nyeusi, kama anacheza na kucheka. Ikiwa fundisho lasema hivi na mtoto aonyesha vingine, basi fanyeni kama alivyofanya Daktari Trowell pale Mulago: acheni fundisho, mshikeni mtoto.